Kutoka London Hata Cape Town: Njia ya Angani Iliyojengwa Ardhini



Siku moja nilikuwa darasani pamoja na vijana wanaojifunza ualimu, na mezani petu palikuwa na tufe la dunia. Kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kutoka London hata Cape Town ni mwendo gani kwa ndege?" Swali lilionekana jepesi, nikadhani jibu lake ni hesabu moja tu. Lakini nilipofungua kinywa nijibu, niliona ya kuwa swali lile lina majibu matatu, na kila jibu ni la kweli. Tena niliona ya kuwa jibu la tatu ni habari ndefu, na ndani yake zimo nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki, na watu wetu wamo. Habari hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia jioni hii.

Jibu la kwanza ni la uzi. Tulichukua uzi mwembamba, ncha moja tukaibana juu ya London na ncha ya pili juu ya Cape Town, tukauvuta hata ukakaza. Uzi uliokazwa hivyo hufuata mstari mfupi kuliko yote iwezayo kupita juu ya uso wa dunia kati ya miji ile miwili. Urefu wake ni yapata maili 6,000, yaani kilometa 9,700 hivi. Tukatazama uzi umepita wapi: umepita juu ya Ufaransa, na Bahari ya Kati, na Aljeria, ukakata jangwa la Sahara, ukaingia Naijeria na Kameruni na Gaboni, kisha Angola na Namibia, hata ukafika Cape Town. Haukugusa Misri, wala Uganda, wala Kenya, wala Tanzania.

Jibu la pili ni la njia yenyewe. Ndege za kwanza zilizochukua barua na abiria kati ya miji hiyo hazikufuata uzi. Zilizunguka kwa upande wa mashariki, zikapita Misri na Sudani na nchi zetu, na urefu wa njia yao ulikuwa karibu maili 8,000. Maana yake zilikwenda maili 2,000 zaidi ya lililokuwa lazima kwa uzi.

Jibu la tatu ni la muda. Mwaka 1920 safari hii ya angani ilichukua siku 45. Mwaka 1932 ilichukua siku 11. Siku hizi ndege iendayo moja kwa moja huchukua muda wa saa 11 na nusu au 12. Basi angalieni jambo hili: kilichokuwa siku 11 kimekuwa kama saa 11. Walakini dunia haikupungua hata shubiri moja. London iko palepale, na Cape Town iko palepale. Ni kitu gani basi kilichopungua?

Watu wengi watajibu upesi, "Ndege zimeongezewa mbio." Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote, wala si nusu yake. Nifuateni polepole, tutazame habari moja baada ya nyingine.

Kwanza, kwa nini njia ile ilizunguka? Ndege za wakati ule zilikuwa kama msafiri mwenye kibuyu kidogo cha maji. Msafiri wa namna hiyo hawezi kulikata jangwa moja kwa moja, hata kama njia hiyo ni fupi. Hana budi kuzunguka apitie penye visima. Ndege nayo iliweza kwenda maili mia chache tu, kisha petroli ikaisha, ikawa lazima itue inywe. Katika Sahara hapakuwa na kisima cha petroli. Lakini upande wa mashariki palikuwa na mto Nile, wenye meli, na reli kandokando yake. Palikuwa na Ziwa Victoria, na reli iliyopanda kutoka Mombasa. Kwa njia hizo petroli iliweza kuchukuliwa na kuwekwa akiba kabla ndege haijafika. Kwa hiyo meli na gari moshi, vyombo vya pole, ndivyo vilivyotangulia kuitengenezea ndege njia.

Sababu ya pili ilikuwa ya utawala. Waingereza walitaka njia ipitayo juu ya nchi walizozitawala wenyewe, wasipate kuomba ruhusa kwa mtu. Kabla ya vita vya 1914 mstari huo ulikatwa na nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani. Vita vilipokwisha, nchi hiyo ikawekwa chini ya Waingereza kwa jina la Tanganyika, na mstari ukaunganika kutoka Cairo hata Cape Town. Ndipo nchi zetu zilipojikuta zimekuwa daraja katikati ya miji miwili iliyo mbali nazo.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Mwisho wa mwaka 1918, vita vilipokuwa vimenyamaza, Jeshi la Anga la Uingereza lilituma makundi matatu ya wapimaji, kila kundi na fungu lake la njia, watafute mahali pa kutulia ndege kutoka Cairo hata Cape Town. Kazi hiyo ilichukua mwaka 1919 karibu wote. Wapimaji walionyesha mahali. Walioisafisha nchi ni wenyeji. Hapakuwa na mitambo ya kusawazisha ardhi. Palikuwa na shoka la kukatia mti, na jembe la kung'olea kisiki, na kikapu cha kuchukulia udongo, na kichwa cha mtu cha kutwika kikapu.

Nanyi mnajua kichuguu kilivyo. Kichuguu cha zamani hukauka hata kikawa kigumu kama saruji, na vingine hupita kimo cha nyumba. Huko Ndola, katika nchi iitwayo leo Zambia, mamia ya vibarua walifanya kazi miezi kadhaa katika kiwanja kimoja, wakavunja vichuguu na kuondoa udongo wake kwa maelfu ya tani. Huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, na huko Tabora, na Mwanza, na Kisumu, na Jinja, viwanja vilitengenezwa vivyo hivyo. Vitabu vya habari za ndege vimehifadhi majina ya marubani. Hao waliovunja vichuguu vimewataja kwa hesabu tu, kama mtu ahesabuvyo magunia. Likumbukeni jambo hilo, maana nitalirudia.

Njia ilipokuwa tayari, mwaka 1920 ndege kadhaa zilishindana kufika Cape Town. Moja ilikuwa ndege kubwa ya gazeti la The Times la London. Ilifika Tabora, na tarehe 27 Februari 1920, ilipokuwa ikiondoka, ikaanguka na kuvunjika, na safari yake ikaishia hapo. Ndege ya pili ilirushwa na maafisa wawili wa Afrika ya Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, nayo iliitwa Silver Queen. Waliondoka Uingereza tarehe 4 Februari. Ndege yao ikavunjika kabla ya kufika Wadi Halfa, mpakani mwa Misri na Sudani. Wakatoa injini zake, wakazitia katika ndege nyingine waliyopewa huko Cairo, wakaendelea. Walipofika Bulawayo, hiyo ya pili nayo ikashindwa kupaa, ikaanguka. Wakapelekewa ndege ya tatu, ndogo, na kwa hiyo wakafika Cape Town tarehe 20 Machi 1920.

Huenda mtauliza kwa nini Tabora na Bulawayo palikuwa pagumu namna hiyo. Miji hiyo iko juu sana kupita usawa wa bahari, Tabora yapata futi 4,000, na Bulawayo zaidi. Kadiri mahali palivyo juu, na kadiri jua lilivyo kali, ndivyo hewa iwavyo nyepesi. Bawa la ndege huegemea hewa kama kasia liegemeavyo maji. Hewa ikiwa nyepesi, bawa halipati pa kuegemea, na injini nayo hupungukiwa na nguvu. Kwa hiyo ndege hutaka kiwanja kirefu zaidi ndipo iweze kupaa. Kiwanja kitoshacho huko Uingereza hakitoshi Tabora.

Sasa tufanye hesabu moja. Kutoka tarehe 4 Februari hata tarehe 20 Machi 1920 ni siku 45, yaani saa 1,080. Katika saa hizo zote, maafisa wale walikuwa angani muda wa saa 109 na nusu. Ni fungu moja tu katika mafungu kumi. Mafungu tisa yaliyobaki walikuwa chini: wakitengeneza, wakingoja, wakilala. Hata kama ndege yao ingalikuwa na mbio mara mbili, wangaliokoa saa 55 tu, yaani siku mbili na kitu, katika siku 45. Basi mnaona ya kuwa muda wa safari ulikuwa ukiliwa ardhini, si angani.

Ushahidi wa pili ni huu. Tarehe 16 Novemba 1925 rubani Mwingereza, Alan Cobham, aliondoka London akiwa na fundi wa injini na mpiga picha za sinema, aichunguze njia ile. Alikwenda akipumzika na kutazama viwanja, akafika Cape Town tarehe 17 Februari 1926. Ilikuwa miezi mitatu. Kisha akageuka na ndege ileile, yenye mabawa yaleyale, akarudi London mnamo siku 15 hivi, akatua tarehe 13 Machi 1926. Meli ya barua ya siku zile ilichukua siku 17. Ni nini kilichoifanya miezi mitatu kuwa siku 15? Si mbio, maana ndege ilikuwa ile ile. Ni kwamba wakati wa kurudi hakukawia vituoni, na kila kituo kilikuwa kimekwisha kujulikana.

Sasa tuje kwa safari za ratiba. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianzisha safari ya kila juma kutoka London hata Mwanza. Abiria walichukuliwa hata Khartoum. Barua zilifika Mwanza. Januari 1932 njia ikaendelezwa kwa barua hata Cape Town, na Aprili mwaka huohuo abiria nao wakaanza kuchukuliwa njia nzima.

Msidhani ya kuwa abiria huyo alikaa kitini akaletewa chai hata akafika. Aliondoka London kwa ndege. Akapanda gari moshi hata bandari ya Italia, kwa kuwa kuruka juu ya milima ya Alps kulikuwa na hatari, na mapatano na serikali ya Italia hayakuwa mepesi. Akaingia ndege ya majini, yenye tumbo kama mashua, ikamvusha bahari hata Misri. Akapanda gari moshi tena hata Cairo. Akapanda ndege ya magurudumu hata Khartoum, na ndege ya majini tena hata Kisumu. Hapo Kisumu akahamia ndege ya magurudumu, ikampitisha Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Kisha Mpika, na Broken Hill ambayo leo ni Kabwe, na Salisbury ambayo leo ni Harare, na Bulawayo, na Johannesburg, hata Cape Town. Usiku hawakuruka, bali walilala vituoni.

Ndege zile zilikwenda yapata maili 100 kwa saa. Gawanyeni maili 8,000 kwa 100, mtapata saa 80. Siku 11 ni saa 264. Basi hapa tena, zaidi ya fungu mbili katika tatu za safari zilikwisha kwa kulala, na kuhama chombo, na kujaza petroli. Kila kituo kilitaka petroli iliyoletwa mbele kwa madebe, na simu ya upepo ya kuulizia habari za mvua na mawingu, na mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti wa kuonyesha upepo, na kitanda, na mpishi, na watu wa kufyeka majani. Mtu wa Dodoma au Mbeya aliyefyeka majani ya kiwanja hakuona London wala hakuona Cape Town. Lakini bila panga lake miji hiyo miwili isingaliunganika.

Mwaka 1937 njia ikabadilika. Ndege za majini za namna mpya zikaletwa, kubwa na zenye nguvu, ziendazo zaidi ya maili 150 kwa saa. Hizo zilitoka Southampton, zikashuka kwa mto Nile na maziwa hata Kisumu, zikavuka hata Mombasa, kisha zikafuata pwani: Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji, Beira, Lourenço Marques ambayo leo ni Maputo, hata Durban. Huko ndiko zilikokoma, na waendao Cape Town walitafuta chombo kingine. Moshi, Dodoma na Mbeya zikaachwa kando ya njia kuu; Lindi nayo ikapata siku zake. Mwaka huohuo nauli ya barua ikapunguzwa sana: barua nyepesi iliyotoka Uingereza ilikwenda kwa ndege kwa peni moja na nusu tu. Hapo ndipo mtu wa kawaida alipoanza kufaidi njia ya angani, si kwa kusafiri, bali kwa kupata jibu la barua kabla hajasahau alichouliza.

Wasikilizaji, nawaomba sasa mnisikilize kwa makini, maana habari ifuatayo yaonyesha wazi kuliko zote ninalotaka kusema. Tarehe 14 Machi 1939 moja ya ndege hizo za majini, jina lake Corsair, iliondoka Port Bell katika Uganda ikielekea Juba katika Sudani, katika safari ya kurudi Uingereza. Chombo chake cha kuonyesha upande kikakosea. Ndege ikapotea, ikaingia Kongo, petroli ikawa karibu kwisha. Nahodha akaona mto mwembamba, mto Dungu, karibu na Faradje, akatua humo. Watu wote wakaokoka, lakini mwamba ulitoboa tumbo la ndege, ikakaa matopeni.

Mafundi wakaja kutoka Uingereza, wakaiziba. Mwezi wa Julai wakajaribu kuirusha. Ikapiga mwamba tena, ikatoboka mara ya pili. Mto ulikuwa mfupi na maji yalikuwa haba. Basi shauri likawa moja tu: mto wenyewe uzibwe, maji yainuke. Wakongo wa nchi ile wakafanya kazi pamoja na mafundi, wakakata magogo, wakabeba mawe na udongo, wakatengeneza barabara, wakajenga bwawa. Kijiji kikazuka mahali pale, kikaitwa Corsairville. Maji yakainuka, na tarehe 6 Januari 1940 Corsair ikapaa ikaenda zake. Safari ya saa chache kutoka Port Bell hata Juba ilikuwa imechukua karibu miezi kumi. Ndege iliyojengwa kwa elimu kubwa ya wakati ule iliokolewa na magogo na udongo, na mikono ya watu ambao hawakupata kupanda ndege.

Wakati huo Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha kuanza. Juni 1940 Italia iliingia vitani, na Bahari ya Kati ikafungwa. Barua na watu kutoka Uingereza walianza kuizunguka Afrika kwa meli, na ndege za majini zikafanya njia mpya kama kwato la farasi: kutoka Durban kupanda hata Misri, kisha kushuka kwa upande wa Bara Hindi hata Australia. Hapo mnajifunza jambo jingine: urefu wa njia haupimwi kwa maili peke yake. Uadui ukikaa katikati, jirani huwa mbali.

Vita vilipokwisha, mafundi walikuwa wamejifunza mengi. Tarehe 2 Mei 1952 ndege iitwayo Comet iliondoka London kwenda Johannesburg. Ilikuwa safari ya kwanza duniani ya ratiba kuchukua abiria kwa ndege ya injini za jeti. Ilichukua abiria 36, ikatua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika kwa muda usiotimia saa 24. Waliokuwa wakihesabu siku walianza sasa kuhesabu saa. Vituo vya njiani vilikuwa vitano tu.

Lakini furaha hiyo ililipiwa ghali. Tarehe 10 Januari 1954 ndege ileile iliyoianza safari ya kwanza ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba, na watu 35 wakafa. Tarehe 8 Aprili mwaka huohuo Comet nyingine ikavunjika karibu na Naples, wakafa 21. Wataalamu wakaitia Comet nzima katika tangi kubwa la maji, wakaisukumia nguvu na kuilegeza, mara nyingi sana, kama inavyojazwa hewa ipandapo juu na kupunguzwa ishukapo. Hata mwisho ubavu wake ukapasuka. Wakajua ya kuwa bati la ndege huchoka, kama waya ukunjwao na kukunjuliwa hata ukakatika. Si haki kuwaambia mafundi wale, "Haraka haraka haina baraka," kana kwamba walikuwa wazembe. Jambo hilo lilikuwa halijafahamika vema. Ila ni haki kukumbuka ya kuwa kila ndege iliyokuja baadaye imejengwa kwa elimu iliyonunuliwa na maisha ya watu hao.

Ndege za jeti nazo zilitaka viwanja virefu, vya lami na zege, vya nguvu kupita vile vya vichuguu. Huko Nairobi kiwanja kipya cha Embakasi kilifunguliwa Machi 1958. Kilijengwa katika miaka ya Hali ya Hatari, na waliochimba na kusawazisha nchi ile walikuwamo wafungwa na watu wengi waliowekwa kizuizini kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Hawakuja kwa hiari, wala hawakuja kwa mshahara wa haki. Wasafiri wengi wanaoshuka hapo leo hawaijui habari hiyo, nayo haikuandikwa katika tikiti. Yule kibarua wa Ndola wa mwaka 1919, na yule Mkongo wa mto Dungu, na yule aliyefungwa Embakasi, wote watatu waliishika njia moja, kila mmoja katika wakati wake.

Baada ya uhuru njia ikarefuka tena, na safari hii kwa sababu ya haki. Mwaka 1963 nchi huru za Afrika zilikutana Addis Ababa, zikaazimia kuzinyima ndege za Afrika ya Kusini ruhusa ya kupita juu ya nchi zao, kwa kuwa serikali yake iliwatenga na kuwaonea watu weusi. Shirika la ndege la nchi hiyo likalazimika kuliacha bara, likazunguka kwa bahari ya magharibi, likatua visiwani ili kujaza mafuta. Haki hiyo ya kukataza ilitoka wapi? Ilitoka kwa wenye ardhi. Wale waliokuwa daraja la wengine miaka 40 nyuma walikuwa sasa na uwezo wa kulifunga daraja. Mambo ya Afrika ya Kusini yalipoanza kugeuka, mnamo 1991 njia ikafunguliwa.

Sasa twarudi kwenye uzi wetu. Siku hizi ndege kubwa huondoka London jioni, na asubuhi abiria huamka Cape Town. Kibuyu kimekuwa kikubwa, hakihitaji kisima njiani. Kwa hiyo ndege hufuata karibu njia ya uzi, juu ya Sahara, na maili zile 2,000 za kuzunguka zimeachwa. Huruka usiku kama mchana, bila kulala Khartoum wala Dodoma. Mbio zimeongezeka, ni kweli: kutoka maili 100 kwa saa hata zaidi ya 500. Kwa mbio peke yake, safari ya siku 11 ingalikuwa bado siku nane na kitu. Kilichoimaliza ni kuondolewa kwa vituo, na kuondolewa kwa mzunguko, na kuondolewa kwa usiku wa kulala.

Lakini vituo havikuondolewa kabla havijafanya kazi yake. Ndege isiyotua leo imewezekana kwa sababu ya zile zilizotua jana mara thelathini. Marubani walijifunza hewa ya nyanda za juu kwa kuanguka Tabora na Bulawayo. Wataalamu walijifunza uchovu wa bati baada ya Elba na Naples. Na kabla ya hao wote, mtu mwenye jembe alivunja kichuguu.

Kwa hiyo yule kijana nilimjibu hivi: "Kutoka London hata Cape Town ni maili 6,000 kwa uzi, na maili 8,000 kwa njia ya kwanza, na saa 12 kasoro kwa saa yako ya mkononi. Lakini ukitaka kuijua safari yenyewe, hesabu pia waliokaa chini." Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hesabu hiyo imeandikwa wapi?" Nikamwambia ukweli, ya kuwa sehemu kubwa haikuandikwa, na ndiyo sababu walimu na wazee wapo.

Nanyi wasikilizaji, kama karibu na kwenu pana kiwanja cha zamani ambapo sasa mbuzi hulisha, waulizeni wazee walisimuliwa nini na wazazi wao: ni nani aliyekisafisha, kwa ujira gani, na kwa hiari au kwa lazima. Yaandikeni majibu, wanafunzi, katika madaftari yenu, na jina la kila mtu atakayetajwa liandikwe kamili.

Kwa herini.